Nyumba ya Nzige, Kimara

Dokta Sospeter alikuja kwenye msiba wa Tausi, akala sahani mbili za pilau, kisha akaomba aletewe maji ya moto ya kunawa kwa sababu mafuta yalikuwa yamemganda vidoleni. Mie nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, upande wa pili wa turubai, nikamwona vizuri. Amezeeka, shingo imekuwa kama ya kobe, lakini meno bado anayo yote. Wakampa kiti cha mbele, kile chenye mikono, na mtoto wa dada yake Tausi akamtambulisha kwa watu kwamba mzee huyu ndiye aliyemlea marehemu alipokuja mjini. Akasimama. Akasema Tausi alikuwa binti yake, alikuwa na mkono mwepesi kuliko msichana yeyote aliyewahi kumfundisha, na kwamba Mungu amempumzisha na tabu ya kifua. Tabu ya kifua! Alilitamka kana kwamba kifua kile Tausi alitoka nacho Masasi kikiwa hivyo hivyo, amekikunja begini pamoja na kanga zake. Nikainuka pale mkekani nataka kusema, pumzi ikanikatikia njiani, nikaanza kukohoa, na wanawake wakanishika mabega wakidhani ni uchungu wa msiba. "Jikaze, Somoe. Jikaze, mama." Nikavuta dawa yangu ya kopo, nikakaa. Mpaka pumzi inarudi, mwanamume yule alikuwa ameshapanda gari lake ameondoka zake Mbezi Beach anakokaa. Ndiyo maana naandika. Shule nimeishia la saba, na la saba lenyewe kwa kusukumwa, kwa hiyo anayeuona mwandiko mbaya aniwie radhi. Lakini majina nayakumbuka na nitayataja. Sospeter, mwenye nyumba ya nzige pale Kimara, na shemeji yake Mama Happy, msimamizi wetu. Hao wawili ndio waliommaliza Tausi. Kifo kimekuja juzi kuokota mabaki tu.

Habari za kwetu na za kwao naziruka, hazina kazi hapa. Inatosha kujua kwamba mie na Tausi tulikuwa wasichana tuliokwishakua, tumetoka kusini, tunafahamiana tangu nyumbani, na Mama Happy alitukuta Temeke tukitafuta kazi za ndani. Akatuambia kazi ipo Kimara, ya mifugo. Tausi akamuuliza, "Kuku, mama?" Mama Happy akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Kuku! Mifugo ya kisomi hii, mwanangu. Utakuja kuwahadithia wajukuu." Nyumba ilikuwa bondeni, ukishaiacha Barabara ya Morogoro unashuka kwenye makorongo mpaka miguu inatetemeka, na maji yalikuwa yanaletwa kwa mkokoteni kwa sababu bomba lilikuwa pambo. Ukuta wa matofali, geti la bati. Ndani kulikuwa na chumba cha nzige, chumba cha kazi, stoo, na sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma ambayo sie hatukuyakalia hata siku moja. Tulilala kwenye kibanda cha uani. Chumba cha nzige ndicho nikikiota mpaka leo naamka nimelowa. Madirisha yalikuwa yamegongelewa nailoni nzito kwa misumari, kwa sababu nzige anataka joto na Dokta hakutaka hata mmoja atoroke. Balbu zinawaka mchana kutwa. Vizimba vya wavu vimepangwa hadi dari, na humo ndani nzige wanatafuna, wote kwa pamoja, sauti kama kitu kinakaangwa jirani na hukioni. Na hewani vumbi. Ukiingia ghafla ukatazama kwenye mwanga wa balbu unaliona limesimama, halipandi wala halishuki, vumbi la magamba yao na kinyesi chao na pumba tulizowalisha. Hilo ndilo tulilolivuta. Asubuhi tunakata majani bondeni, tunafagia vizimba, tunajaza magunia ya uchafu ule ambao Mama Happy aliwagawia wafuga kuku wa mtaani ili wamwite mama mkarimu, halafu tunaingia chumba cha kazi.

Kazi yenyewe Dokta alitufundisha mwenyewe, na sitasema uongo, alijua kufundisha. Alipendaga kuuliza kwanza. "Nzige anavuka nchi nzima, hana begi, hana mgahawa. Anakula nini njiani?" Tausi akajibu, "Anakula kabla hajaondoka, Dokta." Akapiga makofi. "Sawa kabisa! Anabeba mafuta tumboni. Lakini nani anayemwambia sasa choma mafuta?" Akatuinamisha kwenye hadubini, mmoja mmoja, akatuonyesha kichwa cha nzige kilichopasuliwa. Nyuma ya ubongo kuna kitu kidogo, cheupe chenye ubuluu kwa mbali, kama ncha ya uzi uliolambwa ili upenye kwenye sindano. Hiyo ndiyo tezi. Akasema nzige akianza kuruka anatumia kwanza sukari iliyomo damuni, ikipungua, tezi ile inamwaga homoni, mnyororo mfupi tu wa protini, na homoni ile inakwenda na damu mpaka kwenye mafuta na kuyaamrisha yafunguke. Basi mafuta yanamwagika damuni, mabawa yanapata kuni, safari inaendelea. Mende anayo ya kwake, nyuki ya kwake, mbu naye ya kwake, kila mdudu na amri yake ya mafuta. Kazi yetu ilikuwa kukata vichwa, kuchomoa tezi kwa kibano chembamba na kuidondosha kwenye kichupa cha spiriti kilichokaa kwenye barafu. Dokta akishazisaga na kuchuja anapata maji yake, anawadunga nzige wengine tumboni kwa sindano nyembamba kama unywele, sie tunawatoa damu baadaye na kuitia dawa. Penye mafuta mengi dawa inageuka pinki. Ile dawa ilikuwa inanukia vanila, chumba kizima harufu ya keki, na sie tangu asubuhi tumekunywa uji wa chumvi.

Halafu kulikuwa na vijiti. Unamshika nzige, unamgandisha mgongo na nta kwenye kijiti, unasimamisha kijiti mbele ya feni. Mwenyewe nilidhani atang'ang'ana, atataka kujinasua. Dokta akaniambia, "Mwache miguu iguse meza. Unaona? Katulia. Sasa mwinue." Nikamwinua. Mabawa yakaanza kuvuma. "Ukimwondolea pa kukanyaga anaruka, apende asipende. Hana hiari." Wakawa wanaruka hivyo pale pale walipogandishwa, hawaendi popote, mpaka wanalegea. Dokta alikuwa akizunguka kati yao na saa yake kama mwalimu wa zamu. Ndoto yake ilikuwa kutengeneza dawa ya shambani itakayoiga homoni ile na isiishe mwilini, ili mdudu aendelee kuchoma mafuta yake hata akiwa amekaa, mpaka asibakiwe na kitu. "Sio sumu hii," alikuwa akisema. "Anakufa kwa kutii." Mama Happy aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko akadakia, "Basi nidunge na mie, shemeji, nipunguze hili tumbo." "Wewe nikikudunga utaruka mpaka Chalinze, kaka yangu atanidai mke." Wakacheka wote wawili, na Tausi naye akacheka, kwa sababu alikuwa amependa sana kuwa chumba kimoja na watu wanaocheka vile.

Lazima nimseme Tausi jinsi alivyokuwa, maana waliomzika juzi walimjua mwanamke wa Gongo la Mboto aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, hawezi kufika bombani bila kupumzika. Tausi wa mwaka ule alikuwa anapanda lile korongo na mzigo wa majani kichwani huku anaimba. Na mkono wake, hapo Sospeter hakudanganya. Mie nilikuwa naichana tezi, naitoa imekatika, Dokta ananitazama kama mtu aliyekanyaga kinyesi. Tausi alikuwa akiichomoa nzima kila mara, bila kuhema. Dokta akaanza kumwita "fundi wangu." Mtu ambaye hajawahi kuitwa kitu chochote zaidi ya jina lake, ukimwita fundi umemfunga kamba. Ndiyo maana nasema kilichokuwa hatarini mwaka ule ni kitu kimoja tu, Tausi atatoka kwenye nyumba ile kabla kifua hakijafa, au hatatoka. Mengine yote ni porojo.

Kwanza ilikuwa mafua. Kila akiingia chumba cha nzige macho yanavimba, pua inachuruzika, mikono inatoka mabaka pale miguu ya nzige inapomkwaruza. Akitoka nje kwenda kukata majani anapona. Tukaanza kujifunga kanga puani. Dokta akazikataa. Alisema nyuzi za kanga zinadondokea kwenye kichupa na kuharibu sampuli, na anayetaka kujifunga ushungi wa pua akafanye kazi kwenye mashine ya kusaga. Yeye mwenyewe alikuwa haingii mle bila barakoa, nyeupe, ngumu, yenye kijitundu cha bati mbele, na koti refu lililofungwa mpaka shingoni. Tukadhani ndivyo wasomi wanavyovaa. Mvua kubwa zilipokuja mafua yakashuka kifuani. Tausi akawa analala amekaa, ameegemea ukuta wa kibanda, na kila akivuta pumzi kunasikika mluzi, kama kuna mtu mwingine mdogo ndani yake anaita watu.

Sasa Jumapili moja alikuja rafiki yake Dokta, bwana mnene waliyesoma naye nje. Waliandaliwa barazani kuku wa kuchoma, ugali, mchicha wa nazi, na mie nilikuwa nimesimama na birika na beseni nikingoja kuwanawisha. Watu wanaokula hawamwoni mshika birika. Tausi akakohoa kule uani. Yule bwana akasema, "Huyo vipi?" Dokta akamung'unya mfupa, akasema, "Nzige hao. Hukumbuki kule chuoni? Wale wenzetu wawili waliacha kazi kwa kifua." "Nakumbuka. Yule mmoja alikuwa hawezi hata kupita nje ya lile jengo." "Mie mwenyewe kilianza, nikawahi barakoa. Ukishakuwa nacho hakikutoki, vumbi kidogo tu kinaamka." Yule bwana akauliza, "Na hawa mabinti unawafanyaje?" Nimeyakariri majibu yake, sijaongeza wala sijapunguza. Akasema, "Hawa hawakai. Mwaka mmoja, anaolewa, anaondoka. Kifua chake atakwenda nacho kwa mumewe." Wakacheka, wakanyoosha mikono, nikawanawisha. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, nilikuwa nimeyachemsha mwenyewe. Nikisikia watu wanamtetea Sospeter kwamba enzi zile watu hawakujua, namrudia Sospeter wa baraza ile na mfupa wake mdomoni. Alijua. Alijua kabla hatujapanda basi la kuja mjini.

Nilimwambia Tausi siku hiyo hiyo, tunaosha sufuria. Akaniangalia, mikono ina majivu. "Labda hakukusudia hivyo." "Tausi, nimemsikia kwa masikio yangu." "Basi nitamwomba barakoa." Akaenda kumwomba, kwa adabu, amepiga goti, shikamoo kwanza. Dokta akamwambia zinaagizwa nje, haziuzwi Kariakoo, akipata nyingine atamkumbuka. Mama Happy akamalizia jikoni, kwa sauti ya kutusikilizisha: "Mtu umetoka kwenu unalala na mbuzi chumba kimoja, hukohoi. Umefika mjini umeona balbu, unakohoa. Kikohozi cha kujidai hicho." Baada ya hapo likaja jingine. Mama Happy akaanza kusema ni kifua kikuu. Hakumpeleka hospitali, aliona afadhali aichore sahani yake kwa msumari alama ya msalaba ili isichanganyike na zetu. Na Tausi alikuwa Mwislamu, mama yule alijua, akachagua msalaba. Chakula chake akawa anawekewa kwenye tofali nje ya mlango wa jiko, kuku wanakitangulia. Mie nikachukua sahani yangu nikaenda kukaa naye tofalini. Mama Happy akasema, "Haya, kaleni wagonjwa wawili." Nilikuwa bado sijaanza kukohoa. Nilikuja kuanza baadaye.

Nilimwambia tuondoke. Sio mara moja. Alikuwa na jibu lile lile, anasubiri wageni. Walikuwa wanakuja wageni waliokuwa wanamfadhili Dokta, na Dokta alikuwa amemwahidi kwamba siku hiyo yeye Tausi ndiye atakayekaa kwenye hadubini achomoe tezi mbele yao. Tausi alinunua kitambaa, akashona gauni la kijani lenye lisani kifuani. Akawa analipiga pasi kila mara. Mie nikasema basi, akishaonyesha mkono wake kwa hao wageni tutaondoka.

Siku ya wageni nyumba ilipigwa deki mpaka ukutani. Mama Happy alipika sambusa, akatandika vitambaa vipya sebuleni. Tausi alivaa gauni lake, lakini tangu alfajiri mluzi ulikuwa mkali, na alipoinama kwenye hadubini kujaribu, kikohozi kikamshika, akaangusha vichupa. Dokta alisimama mlangoni akamtazama. Hakugomba. Alimwambia shemeji yake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeagiza chai, "Huyu asisikike." Gari la wageni lilikuwa linashuka korongo, linaunguruma. Mama Happy akamshika Tausi mkono, "Njoo mwanangu ujipumzishe kidogo," akampeleka stooni. Stoo ndimo yalimokuwa yale magunia ya uchafu wa nzige, mengine yamepasuka, na dirisha haina. Nikasikia komeo na kufuli. Nikamfuata Mama Happy, nikamwambia, "Mama, mle ndani kuna vumbi lenyewe." Akanisukuma na sinia la sambusa. "Kashike vijiti, wewe. Leo umepanda cheo."

Wageni walikuwa watatu, wawili wazungu na mmoja wa hapa hapa, amevaa tai. Walipewa barakoa mpya kila mmoja, zimetolewa kwenye boksi lililojaa, nililiona kwa macho yangu juu ya kabati la Dokta. Wakaingia chumba cha nzige, wakatoka, wakaja chumba cha kazi. Dokta akaanza kueleza, Kiingereza kinamtoka kama maji, mie nimesimama mbele ya feni na nzige wawili kwenye vijiti, mmoja amedungwa homoni, mwingine amedungwa maji matupu. Nikawainua. Wakaruka. Wageni wakapiga picha. Kishindo cha kwanza kilikuja kama kitu kimeanguka. Cha pili nikajua ni kiganja juu ya mbao. Hakupiga kelele, hakuwa na pumzi ya kupigia kelele, alikuwa anapiga mlango tu, pa, pa, halafu kimya, halafu pa. Yule mwenye tai akageuza kichwa. "Kuna nini huko?" Mama Happy akajibu kabla hajamaliza, "Mbuzi wa jirani, baba. Anapenda kupiga pembe. Sambusa hizo, karibuni." Mie nikasema, "Sio mbuzi. Ni mtu. Amefungiwa." Nilisema kwa sauti. Dokta akacheka, akawageukia wazungu akasema maneno yake, nao wakatabasamu, mmoja wao akanitazama kwa huruma kama unavyomtazama mwendawazimu wa sokoni. Kishindo hakikuja tena.

Niliviachia vijiti, vikaanguka na nzige zake. Nikapita jikoni nikachukua mchi wa kinu, nikaipiga ile kufuli. Mama Happy alinishika nywele kwa nyuma, nikampiga kiwiko, sijui cha wapi, akaachia. Lile komeo lilikuwa la misumari tu, likang'oka na vipande vya mbao. Tausi alikuwa amelala kifudifudi, mdomo kwenye ufa wa chini ya mlango, akitafuta hewa ya nje. Gauni la kijani limekuwa la kijivu. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau. Shingoni kwake, pale juu ya mfupa, ngozi ilikuwa inazama ndani kila akijaribu kuvuta, inazama kama karatasi, na hakuna kinachoingia. Nikamburuta mpaka uani. Nikapiga kelele watoe gari. Gari la wageni lilikuwa limepaki hapo hapo getini, dereva amelala. Dokta akatoka, akasimama kati yangu na wageni wake, akaongea tena Kiingereza chake, mkono kifuani kwa masikitiko. Sikuelewa aliwaambia nini. Nilichoelewa ni kwamba walirudi ndani wakaketi. Nikasikia vijiko vinagonga vikombe.

Aliyetuokoa ni muuza maji, kijana mmoja mrefu aliyekuwa ameleta madumu. Aliangalia mara moja tu, akayashusha madumu yote chini, mengine yakamwagika. "Sista, mlaze hapa. Shika kichwa, shika kichwa!" Tulimpandisha Tausi lile korongo lote juu ya mkokoteni, yeye anavuta, mie nasukuma, na watu wa mtaani wanauliza, "Kajifungua?" Muuza maji akawajibu, "Anajifungua roho, pisheni njia!" Sijui jina lake. Nyumba ile nzima imejaa majina ninayoyajua, na la kwake silijui.

Hospitali walimdunga sindano, wakamwekea mvuke usoni, mpaka jioni rangi ikarudi. Tabibu aliyekuwa zamu, mama mmoja mkali, aliuliza anafanya kazi gani. Nikamweleza. Akauliza mara mbili, "Nzige? Nzige hawa hawa?" Halafu akamwinamia Tausi na kumwambia taratibu ili aelewe, "Mwanangu, kifua chako kimeshajua vumbi hilo. Ukirudi kwenye nyumba hiyo hakitakusubiri. Umenisikia?" Tausi akaitikia kwa kichwa. Nikashukuru Mungu. Nikasema moyoni tumetoka, imekwisha, haya mengine tutapambana nayo. Usiku ule nililala chini ya kitanda chake kwenye boksi, na sijawahi kulala vizuri vile.

Kesho yake saa za kutazama wagonjwa akaja Sospeter. Alikuwa na mfuko wa machungwa na juisi ya kopo. Mie aliniambia tu, "Wewe vitu vyako viko nje ya geti," kisha akanipa mgongo, akakaa kitandani. Alimmenyea Tausi chungwa kwa mikono yake. Akamwambia wageni wameondoka wamefurahi, ila wameuliza yuko wapi yule fundi, naye ikambidi aseme anaumwa. Akamwambia, "Nimejaribu mwenyewe kuchomoa jana. Nimeharibu zote. Mkono kama wako sina wa kuuweka pale, binti yangu." Nikasema, "Dokta, mlimfungia stooni." Akasema bila kugeuka, "Mama Happy alikosea, nimemgombeza." Nikasema, "Na barakoa? Boksi zima lipo kabatini kwako." Akamlisha Tausi kipande kingine. Nilimtazama Tausi atafune ateme, amtemee usoni. Alimeza. Akauliza, na sauti haijarudi sawasawa, "Kweli waliniulizia?"

Alirudi. Alipotolewa hospitali gari la Dokta lilikuja kumchukua, akapanda mbele. Watu huniuliza kwa nini sikumzuia, nami huwauliza wamewahi kumzuia mtu anayekwenda mahali pekee alipowahi kusifiwa? Alifanya kazi mle mpaka wafadhili walipokauka na Sospeter akafunga nyumba, akapata cheo kwingine. Baada ya hapo Tausi alikuwa mtu wa kukaa kitini, Gongo la Mboto, miaka mingi, anaomba watoto wamwinulie ndoo. Yote hayo yaliamuliwa mwaka ule, na nilikuwepo yalipoamuliwa, kwa sababu nilirudi Kimara mara moja kujaribu.

Nilikuwa nimepata kazi Temeke kwa mama ntilie, na nilikuwa nimemwomba sana yule mama amchukue na mwenzangu. Akakubali. Nikashuka korongo nimejaa furaha, nikagonga geti. Tausi akafungua upana wa kiganja. Amekonda mashavu, koti refu jeupe, na barakoa imening'inia shingoni, ile ya zamani ya Dokta, kijitundu chake kimeingia kutu.

"Nimekupatia kazi," nikamwambia. "Kuchambua mchele. Unakaa kivulini, upepo unakupiga usoni. Chumba tutalala wote."

"Kuchambua mchele," akasema, akatabasamu kidogo. "Sie huku tumeongezeka, shoga. Wamekuja wengine wawili, watu wa Newala. Dokta amesema niwafundishe mie."

Nyuma yake nikasikia msichana anapiga chafya, mara nyingi, mfululizo.

"Umewaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Tausi, unajua nini."

Aliishika ile barakoa, akaipandisha kidogo, akaishusha. "Amenipa hii."

"Hiyo ya kwake ya zamani. Imejaa uchafu."

"Ndiyo. Amenipa."

Nikatia mkono getini nisukume niingie, nimkamate tuondoke. Akaweka mguu kwa ndani. Sikudhani ana nguvu zile. "Usiingie, Somoe. Dokta amekataza kabisa usiingie."

"Kisa?"

"Amesema unazunguka huko mitaani, unaweza kutuletea ugonjwa ndani."

Nikacheka, machozi yananitoka. "Ugonjwa! Tausi, wewe huyo unayepiga mluzi, nitakuambukiza nini tena wewe?"

"Sio mie," akasema, akanitazama kana kwamba mie ndiye nisiyeelewa mambo. "Nzige." Akavuta komeo.